Mtoto Aliyepotea Kwenye Simu

Mimi ni fundi wa zipu. Zipu za mabegi, za mahema, za majaketi ya bodaboda. Za suruali nafanya ukinibembeleza, ila sizipendi, maana kuna watu wanakuletea suruali wakiwa wameivaa. Kituo changu ni baraza ya duka la mapazia hapa Kariakoo, na nimekaa hapo tangu duka likiuza misumari na bawaba, enzi za marehemu baba yake huyu mama mwenye duka. Yule mzee alikuwa hapendi watu wakae barazani kwake. Mimi nilikuja kumtengenezea zipu ya begi la safari ya Hija, nikachelewa kuondoka, basi mpaka leo.

Shule nilifika darasa la tatu. Sababu ya kuacha ni ndefu, ina mbuzi ndani yake, tuiache. Kusoma najua, ila nasoma kama mtu anayevuka barabara ya Msimbazi mchana: neno moja, nasimama, naangalia huku na huku, ndipo nafuata jingine. Kwa hiyo habari za kwenye simu mimi nasomewa. Anayenisomea ni huyo mama mwenye duka. Wazee wake walitoka Uarabuni, lakini yeye kazaliwa mtaa wa nyuma hapo, na Kiswahili chake kinakipita changu mbali. Asubuhi akishafungua duka anavaa miwani, anaweka simu juu ya jora la kitambaa, ananisomea dunia nzima huku mimi nashona. Anasoma kwa sauti za wenyewe. Mtu akiwa kaandika kwa hasira, anasoma kwa hasira. Nimeshamwambia kwamba redio wangemchukua, akaniambia, "Redio hawawezi kunilipa, mzee wangu, mimi ghali."

Barazani hapo tuko wawili. Upande wa pili kuna kijana, fundi cherehani, ndiye anayeshona mapazia ya dukani. Kijana mpole, maneno yake machache, na mwongo kama mafundi wote. Nikisema mwongo namaanisha uongo ule wa kazi: "Njoo kesho." Ukija kesho, "Bado vifungo tu." Kitambaa chenyewe hata mkasi haujakigusa. Watu wa mjini wameshazoea, fundi akikwambia Jumatatu unaenda Alhamisi, na unaenda na maneno yako tayari mdomoni.

Huyu fundi ana binti mmoja, mdogo, yuko darasa la kwanza. Na mama wa mtoto waliachana kwa amani, mwanamke akaolewa Tanga, na mtoto akabaki na baba. Akitoka shule anakuja barazani, anakula mihogo, anafanya hesabu zake juu ya boksi, akichoka analala kwenye vipande vya mapazia chini ya cherehani huku baba yake anakanyaga pedali juu yake taratibu. Nywele anamsuka baba mwenyewe. Anajitahidi. Kuna mteja aliwahi kusimama akaangalia kile kichwa akauliza, "Baba, hizi umesuka au umefunga mzigo?" Fundi akacheka na yeye. Lakini mteja alipoondoka aliniambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema, "Mzee, kila mtu anasema mtoto wa kike halelewi na mwanaume. Ipo siku watakuja kunichukulia. Wakinichukulia huyu, cherehani nauza."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa hofu yake. Hakuwa na nyingine, hata ya kodi.

Sasa siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Jumamosi. Mkanda wa cherehani ulikatika asubuhi. Fundi akasema anaenda mtaa wa Gerezani kutafuta mkanda, kule kwenye vipuri, akamshika mtoto mkono wakaondoka. Simu yake aliiacha dukani inachaji, imezima kabisa. Hayo yote ni mambo ya kawaida.

Mama mwenye duka akavaa miwani. Akasoma bei ya dhahabu, akasoma msiba wa mtu tusiyemjua, tukasikitika. Halafu akaacha kusoma katikati. Akiacha kusoma huyo mama ujue kuna jambo.

"Mzee wangu, njoo uangalie hii picha."

Nikaenda. Alikuwa ni yule binti wa fundi. Amekaa kwenye kochi, kavaa gauni la sikukuu, anacheka. Juu yake kuna maandishi mekundu makubwa, hayo niliyasoma mwenyewe: MTOTO AMEPOTEA. TANGU IDI HAJAONEKANA. SAMBAZA.

Nikasema, "Huyu si ametoka hapa sasa hivi na chai hajamaliza?" Kikombe chake kilikuwa palepale.

"Ndiye," akasema. "Na watu wanamtafuta tangu Idi."

Ulikuwa ukurasa mmoja wa umbea, ule unaofuatwa na watu wengi kuliko waliojaa hapa sokoni. Na chini ya picha watu walikuwa wanaandika, mama anasoma na wengine wanaongezeka, kama watu wanaokimbilia moto. Mmoja anasema Mungu mlinde malaika huyu. Mwingine anasema tuanze na mama, mama yuko wapi. Mwingine anasema mimi namfahamu baba yake, ana macho ya kikatili, siku zote nilijua. Mwingine anauza mashuka, anawaletea mpaka mlangoni. Mmoja tu aliuliza kwa utaratibu, mtoto kapotelea wapi na aliyetoa taarifa ni nani, huyo akatukanwa mpaka na yule wa mashuka. Waliandika, "Wewe ndo umemuiba."

Mama mwenye duka alizisoma zote kwa sauti za wenyewe, na mimi, kusema kweli, nilicheka kwenye ile ya macho ya kikatili. Fundi wetu ana macho ya mtu aliyeamshwa usingizini.

Halafu ikaja video, kicheko kikaisha.

Mtu alikuwa amepiga pale Gerezani, karibu na kituo cha mabasi ya mwendokasi. Fundi wetu ameinama, anapekuapekua mchanga kwa mikono. Pembeni yake mtoto analia, na kwenye blauzi yake kuna damu. Video fupi, imekatika hapo. Chini yake sasa maneno yakawa mengine. Kuna kitu anafukia pale. Kuza picha, ile ni damu. Halafu mnasema wanaume waonewe huruma. Aliye karibu amkamate. Na mmoja akaandika: anaelekea Kariakoo, kavaa shati la bluu, wazee wa kazi mpo?

Mama akavua miwani. "Wallahi watamuua," akasema.

Wewe unayesoma hii kama hujawahi kukaa Kariakoo huenda ukaona mama kakuza mambo. Hapa mtu akipigiwa kelele za mwizi, hakuna anayeuliza kosa. Tukaangalia simu ya fundi, imezima, na hata ingekuwa inawaka ilikuwa kwetu sisi, siyo kwake. Nikasimama barabarani na begi la mtu mkononi, sijui naenda wapi. Kwa miguu yangu hii Gerezani ningefika watu wameshamaliza. Na niliangalia ile cherehani isiyo na mkanda nikajiuliza, hivi ile damu ni ya nini lakini? Niliwaza hivyo, sifichi. Simu ina nguvu, jamani. Kijana nimekaa naye bega kwa bega, na simu ikanifanya nijiulize.

Hatukukaa sana tukawaona. Fundi anakuja, shati la bluu, mkanda mpya kauning'iniza shingoni, kamshika mtoto kwenye kiwiko kwa sababu mtoto hataki kushikwa mkono. Mtoto anavutwa, mdomo kaufunga, kidevuni damu imekauka. Nyuma yao kuna muuza soksi mmoja, soksi zake kaning'iniza mkono mmoja, mkono mwingine simu imeinuliwa, anarusha laivu. Nyuma ya muuza soksi kuna watu, na nyuma ya hao watu kuna watu wasiojua wanafuata nini.

Walipofika mbele yetu muuza soksi akamkatia njia.

"Oya braza, simama kwanza. Huyo mtoto wa nani?"

"Wangu," fundi akasema.

"Wako kivipi?"

"Wangu kivipi tena? Wangu!"

Dada mmoja mwenye beseni la ubuyu akainama kwa mtoto, kwa sauti ya mapenzi kabisa. "Mtoto mzuri, usiogope. Huyu ni nani yako?"

Mtoto akamwangalia baba yake kuanzia miguuni mpaka juu. Akasema, "Simjui."

Hapa lazima nieleze. Huyu mtoto akinuna, aliyemuudhi hamjui. Ndiyo adhabu yake. Mimi mwenyewe ameshaacha kunijua mara nyingi, mara moja kwa sababu nilikalia penseli yake. Anapita mbele yako kama umepakwa chokaa ukutani. Baadaye akitulia anakujua tena, anakuomba muhogo. Sisi tunajua hivyo. Sasa wale watu wa nyuma ya muuza soksi wangejuaje?

Ilipigwa kelele moja pale. "Kasema hamjui! Mmesikia?" Mtu akamshika fundi shati. Fundi akawa anasema, "Mama, mama mwambie," yeye binti yake humwita mama, ndivyo baba wengi wa pwani wanavyowaita binti zao, na watu wakaona hata jina lake halijui.

Mama mwenye duka akatoka. Ana ile fimbo ya chuma ya kupimia vitambaa, hajampiga nayo mtu, aliigonga tu kwenye nguzo ya baraza, ikalia kama kengele ya shule.

"Muachieni fundi wangu! Pazia la mteja liko nusu, mtashona nyie?" Halafu akamgeukia mtoto, akainama, sauti ikawa ndogo. "Wewe. Kwa nini leo humjui baba yako?"

Mtoto akavuta kamasi. "Kaniambia ninyamaze. Na jino langu hajalitafuta vizuri."

"Jino gani?"

Akafungua mdomo. Pale mbele palikuwa na shimo jekundu, limeng'oka lile jino lililokuwa linacheza tangu juzi, kila mtu barazani alikuwa ameshalitikisa. Limeng'okea pale kituoni wakati anatafuna karanga, likadondoka mchangani, na mtoto akagoma kuondoka mpaka lipatikane, kwa sababu jino usipolirusha juu ya bati na kuomba jipya, unabaki kibogoyo. Bibi yake kamfundisha hivyo. Fundi alikuwa ameinama anatafuta jino.

Watu wa nyuma wakaanza kucheka. Aliyeshika shati akalinyoosha kidogo kwa kiganja, kama anayefuta vumbi. Lakini muuza soksi hakutaka habari yake iishe hivyo, watu wanamwangalia kwenye laivu.

"Sawa jino," akasema. "Lakini mtandao unasema amepotea tangu Idi."

"Idi gani wewe?" mama akamjia juu. "Jana alikuwa hapa anakula mihogo yangu na pilipili kanipakia kwenye mapazia!"

"Sasa nani kasema kapotea?"

Hakuna aliyejua. Ndipo ikasimama bajaji kwa nguvu, akashuka bibi wa mtoto.

Huyu ni mama mzazi wa yule mama aliyeolewa Tanga. Anakaa Buguruni, mwanamke mnene, mwenye heshima zake, siku hiyo kaja na kanga zimekaa upande na viatu viwili tofauti. Akamkumbatia mtoto hapohapo barabarani.

"Umepatikana! Mjukuu wangu umepatikana! Nani alikuchukua?"

Muuza soksi akapata uhai upya. "Mnaona? Bibi mwenyewe anasema kapatikana!"

Bibi akamgeukia fundi. Na fundi, mbele ya mama mkwe wake, akachuchumaa, macho chini, kama anavyotakiwa. Hilo nalo kwa watu wa mtandao likaonekana kosa limemlemea.

"Mtoto anapotea tangu Idi," bibi akasema huku analia, "nchi nzima inajua, mimi naletewa na jirani kwenye simu! Nakupigia hupatikani! Kwa nini hukuniambia?"

"Shikamoo mama," fundi akasema.

"Marahaba. Kwa nini hukuniambia?"

"Mama, hajapotea."

"Hajapotea na picha yake hii hapa?"

Mama mwenye duka akaomba ile simu, akavaa miwani. Akaiangalia picha kwa muda. Akauliza, "Dada, hili kochi la nani?"

"La kwangu."

"Na picha kapiga nani?"

"Mimi. Sikukuu ya Idi, walipokuja kunisalimia." Hapo sauti ya bibi ikapungua. "Niliiweka kwenye stetasi majuzi."

"Ukaandika nini?"

Bibi akavuta kanga. Akajibu taratibu, kama mtu anayepapasa gizani, "Niliandika, mjukuu wangu kapotea jamani, tangu Idi sijamuona. Atakayemuona anisalimie."

Muuza soksi akashusha simu.

"Lakini mimi sikusema kapotea akapotea!" bibi akapaza sauti. "Nilisema kapotea! Kapotea, haonekani kwangu! Nilikuwa namrushia dongo baba yake!"

Sijawahi kusikia Kariakoo ikacheka vile. Dada wa ubuyu aliweka beseni chini ili acheke vizuri. Maana sisi sote ndivyo tunavyosema. Mtu hujamuona siku mbili, "Umepotea sana wewe!" Kwa mdomo kila mtu anajua unamaanisha nini, sauti inasema, jicho linasema. Kwenye simu neno limekaa peke yake, halina jicho. Mtu mmoja kalichukua bila salamu zake za mwisho, kaongeza wino mwekundu, likazunguka mji mzima mpaka likamrudia mwenyewe, na mwenyewe akaliamini. Alipanda bajaji kwenda kumtafuta mtoto aliyempoteza yeye kwa kidole chake.

Watu wakatawanyika. Muuza soksi alibaki kidogo, akamuuzia bibi pea moja, akaondoka.

Lakini mimi nilimwona fundi. Bado amechuchumaa, hacheki. Alijua linalofuata. Na kweli bibi alipofuta machozi alikaa kwenye kigoda changu, hakuniuliza, akasema:

"Haya. Tumecheka. Sasa nieleze kwa nini tangu Idi sijaletewa mjukuu. Buguruni ni mbali?"

Fundi akachora chini kwa kidole. "Mapazia, mama."

"Mapazia gani?"

"Yale ya sebuleni kwako. Niliahidi nitayaleta baada ya Idi. Sijamaliza." Akafuta alichochora. "Sijaanza. Nikaona nitakujaje kwako mikono mitupu, na niliahidi mwenyewe."

Mama mwenye duka akajipiga paja. "Mafundi!"

Bibi hakucheka. "Kwa hiyo mimi nimenyimwa mtoto kwa sababu ya kesho, kesho yako. Basi. Leo naondoka naye. Akae kwangu moja kwa moja, wewe ushone mapaka."

Alisema mapaka, kwa hasira, alitaka kusema mapazia. Hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Mbele ya mkwe hujibizani. Fundi alisimama, akaenda kwenye cherehani, akaanza kuuvisha ule mkanda mpya, mkanda ukamtoka ukaanguka chini. Nikataka kusema neno, nikakosa. Mimi maneno ninayo mengi yasipohitajika.

Aliyefanya kitu ni mtoto, wala hakukusudia. Aliona mkanda umeanguka, akauokota, akapita chini ya cherehani akampa baba yake ule upande wa chini, kama wanavyofanya siku zote, huyu anapitisha juu, huyu anavuta chini. Mkanda ukakaa. Halafu akabaki hukohuko chini, mgongo kauegemeza kwenye mguu wa baba yake, akaanza kuchezea vipande vya kitambaa. Kununa kumekwisha, hata yeye hakuona kumeisha saa ngapi.

Bibi alikuwa anaangalia. Akamwita, akamshika kichwa, akakigeuza huku na huku.

"Nani kasuka hizi nywele?"

"Baba."

"Mbaya," bibi akasema. Akanusa. "Lakini zimeoshwa." Akamwangalia masikio, akamwangalia kucha. Akashusha pumzi. "Nisikilize mkwe. Mtoto atakaa na wewe. Ila kila Ijumaa analala kwangu. Mapazia yawe tayari, yasiwe tayari, mimi nataka mtoto. Umesikia?"

"Nimesikia mama."

"Na leo siondoki hapa mpaka nione pazia moja."

Na hakuondoka. Alikaa kwenye kigoda changu mchana wote, mimi nikashonea zipu nimesimama, akamfumua mtoto nywele zote akaanza upya, huku anatoa amri: pindo liwe pana, marinda yasibanane. Sijawahi kumwona fundi akishona kwa kasi ile. Hakusema kesho hata mara moja.

Mama mwenye duka aliandika kwenye ule ukurasa kwamba mtoto hajapotea, tunaye hapa, ila jino ndilo halijulikani lilipo. Waliomjibu walikuwa wachache. Mmoja akasema wamehongwa hao. Mwingine akauliza mapazia bei gani, huyo akajibiwa haraka sana. Na kwa wiki kadhaa watu walikuwa wanamsimamisha fundi njiani, "Broo, huyu si yule wa simu?" Mtoto alifurahia mno, akawa anawaonyesha pengo.

Mapazia ya Buguruni yalikwisha, yametundikwa. Ijumaa mtoto akienda, mwanzoni fundi alikuwa anamfikisha mlangoni na kugeuza. Siku moja mkwe wake akamwita arudi, akamwekea mkeka ukumbini, akampakulia chakula, yeye akakaa chumbani kwa heshima, wakaongea kupitia pazia. Sasa imekuwa desturi. Ijumaa iliyopita fundi alirudi na bakuli limefungwa kwa kitambaa, akaliweka mbele yangu juu ya mabegi.

"Mama wa Buguruni kasema ni la mzee wa kigoda."

Ulikuwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, bado una joto. Nikanawa, nikamwita mama mwenye duka, tukala.